Arobaini

Mama yangu, Kalunde, hupika wanzuki siku tatu:
asali ya Sikonge, maji, chachu aliyoificha kibuyuni
tangu kabla sijaota meno.
Siku ya nne watu wa Isevya wako kwenye mabenchi,
ya tano madeni yameandikwa ukutani kwa mkaa.

Kwa hiyo Fundi Mihayo aliposema arobaini
nilidhani amekosea hesabu.
Siku arobaini, tangi limefungwa, liko baridini, haliguswi.
"Kama mzazi," akasema.
Kama marehemu, nikajibu moyoni.
Na mwizi je? Hata yeye ana zake.

Alikuwa mtu wa reli. Mwaka themanini na mbili
walimpeleka Chekoslovakia akasomee breki za mabehewa.
Akarudi na breki,
na koti zito lisilo na kazi Tabora,
na kiu.
Miaka thelathini na kitu akaificha kiu hiyo
ndani ya bia za kila mtu.

Kiinua mgongo kikageuka matangi matatu ya chuma,
ghala la zamani la tumbaku nyuma ya stesheni,
jenereta moja lenye kikohozi.
Kimea cha shayiri kilikuja kwa lori kutoka Moshi,
hopsi zikaja kwa ndege, zimeshindiliwa vidonge vidonge,
zinanuka nyasi zilizopigwa mvua ya kwanza.
Maji tunayo, akasema, laini, hayana chumvi,
akayaonja ya Igombe
kama mtu anavyoonja mchuzi wa ukweni.

Akanifundisha kuchota theluthi ya uji wa kimea,
kuuchemsha pembeni, kuurudisha sufuria kuu,
halafu tena,
halafu tena.
"Kwa nini isiwe mara moja?"
"Walioanza hawakuwa na kipimajoto," akasema.
Sisi tunacho, kinaning'inia msumarini.
Sikusema. Nikakoroga.

Siku ya ishirini na sita umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa, likanyamaza.
Tulinunua barafu yote ya wauza samaki,
tukayavika matangi magunia, tukalala palepale,
mimi, yeye na Shija mlinzi,
tukisikiliza barafu ikiteleza gizani.
Asubuhi akaonja tangi la pili. Akatema.
"Siagi."
Nikaonja. Kwangu ilikuwa bia.
Akafungua bomba la chini.

Lita elfu moja zilishuka mtaroni mchana kweupe,
zikapita mbele ya kina mama wa wanzuki.
Bata wa jirani walitembea upande upande hadi magharibi.
Mtaa mzima ukacheka, na mimi nikacheka,
huku natazama mshahara wangu ukielekea bondeni.
Kwa mama hakimwagwi kitu. Kikiharibika
wanauziwa nusu bei waliokwisha kulewa.

Tulifungua Jumamosi, na matangi mawili.
Nikamimina nilivyofundishwa: povu kwanza,
vidole vitatu, zito, bia ikiingia chini yake.
Ndipo vita vikaanza.
"Povu nalo linauzwa?"
"Dada, jazia, usituibie."
Karani wa mahakama akaomba kijiko.
Fundi akaeleza kwamba povu ni kifuniko, linatunza harufu;
hakuna aliyemsikiliza, ila kaunta haikupoa.

Mama alikuja saa kumi na moja, na kitenge cha harusini.
Akainua glasi dirishani, akatafuta takataka, akakosa.
"Rangi ya asali," akasema, "asali yenyewe hamna."
Akanywa. Akakunja uso.
Akanywa tena, kuuhakikisha ule uchungu.
Povu likaacha pete ndani ya glasi,
pete moja kwa kila funda. Akazihesabu kwa ukucha: saba.

"Siku arobaini. Zote hizo mlikuwa mnafanya nini?"
Tunangoja, nikasema.
"Mnalipwa?"
Kidogo.
Akasukuma glasi mbele yangu.
"Basi ya pili niandikie ukutani."

Ukuta wetu ulipakwa chokaa juzi,
mweupe, hauna hata alama ya kidole.
Nikaenda uani kutafuta mkaa.